Mbuzi wa Lemi na Bega Langu la Kushoto

Hai Malakal,
Juba,
Sudan Kusini.

17 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Olivia,

Pokea salamu za moto, na kwa joto la Juba sina salamu za namna nyingine. Hujambo lakini? Mumeo Fulgensio naye, goti lake limeacha kumlalamikia? Mwanenu Pearl amemaliza mitihani, au bado anawaambia kwamba walimu wanamwonea? Na mahindi je, mmeshavuna, au mvua ya Kitale inaendelea kuwachezea? Nijibu yote, usiruke hata moja, maana nakujua kwa kuruka maswali.

Huku sisi tuko hai. Laku yupo, cherehani ipo, paa halijavuja. Mengine ndiyo haya ninayotaka kukueleza. Tafuta kiti ukae, kwa sababu leo nina hasira ya kujaza karatasi zote hizi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Simu ipo, ndiyo, lakini tunaitumia mimi na mume wangu, na Laku akiombwa simu na mdogo wake huitoa kama mtu anayetoa chumvi. Mdogo wake ndiye Lemi, yule shemeji yangu wa Kator, aliyejipa ukatibu wa kundi la ukoo kwenye WhatsApp bila kuchaguliwa na mtu. Nikikuandikia kwamba nimekohoa, kufika jioni ukoo mzima unaniombea kifua. Kwa hiyo barua hii nampa Ojok, jirani yetu anayepakia mizigo uwanja wa ndege, aipitishe kwa msafiri wa Nairobi. Ojok hasomi mambo ya watu na wala hana hamu nayo, Mungu amzidishie.

Ule ugonjwa wangu unaujua. Ulinishika mkanda wa jeshi mwaka jana, malengelenge kutoka shingoni, yakapita begani kushoto, yakashuka mkononi. Yakakauka. Watu wakaja na soda na sukari, wakasema hamdulillahi, umepona, wakanywa soda walizoleta wenyewe wakaenda zao. Lakini moto ulibaki ndani, Olivia. Ngozi nzima, haina hata kovu la maana, ila upepo wa feni ukipita nasikia kama mtu ananisugua kwa pilipili. Nguo ndiyo siwezi kabisa. Fundi cherehani asiyeweza kuvaa nguo! Nashona za watu zinazokaa mabegani vizuri, mimi mwenyewe nafunga lawa, lile shuka letu, upande wa kulia tu, bega la kushoto liko wazi kama la mtu anayekwenda kuoga. Laku analala kwenye mkeka chini tangu wakati huo, asije akajigeuza akanigusa.

Halafu kuna hii adabu ya hapa. Wewe hukukaa Juba kwa hiyo nitakueleza. Mtu akikutana nawe, kabla ya kukupa mkono, anakugonga begani kwa kiganja. Bega la kushoto. Mungu alinipa mabega mawili, na mji mzima umechagua hilo. Nimejificha nyuma ya nguzo za kanisa, nimepita uchochoroni, nimejifanya sikuona watu ninaowapenda. Wengine wanasema naringa siku hizi. Waseme. Ndiyo maana nilikuomba ukija Krismasi unisalimie kwa mdomo tu, usiniguse. Ulinijibu sawa, lakini najua ulilia, kwa sababu uliandika sawa peke yake na wewe huwa huna neno moja.

Sasa nikuambie kuhusu watu wetu na sindano. Watu wetu wana dini mbili, kanisa na sindano. Vidonge kwao ni chakula cha kuku. Daktari akikupa vidonge wanasema amekudharau, akikudunga wanasema huyu kasoma. Kwa bega hili nimedungwa matako mpaka nikikaa najua ni kiti cha mbao gani. Kila mwenye duka la dawa alikuwa na yake, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuliangalia bega. Walikuwa wanauliza tu, mama, upande gani, kulia au kushoto? Wakimaanisha tako.

Nilichoka. Nikamwendea mwenyewe, bila baraza la ukoo, daktari mmoja wa maumivu anayeitwa Anyieth. Mwanamke mwembamba, amesoma nje, anaongea taratibu kama mtu asiyedaiwa. Yeye ndiye wa kwanza kuniambia jambo lenye kichwa na miguu. Alisema ule ugonjwa umekwenda, lakini neva uliyoipitia imeharibika, inaendelea kupiga kelele ya moto wakati moto hakuna. Akanipa vidonge vya neva, vikanisaidia kidogo na kunipa usingizi mwingi hata nikashona mkono wa blauzi shingoni. Baadaye akasema tujaribu sindano, siyo ya tako, ya pale pale karibu na mfupa wa shingo neva inapotokea.

Hapo nikafanya kosa la kusema nyumbani. Khalas, basi! Lemi akasimama. Sindano! Hatimaye mke wa kaka amepata akili! Akasema ataniongoza yeye mwenyewe, na kweli siku ile akatangulia mbele yangu pale kliniki kwa koti la harusi, utadhani yeye ndiye anayedungwa. Alipomwona daktari ni mwanamke akauliza mkubwa wake yuko wapi. Alipoona ile mashine ya picha wanayowapitishia wajawazito tumboni, akacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. "Shemeji ana mimba ya bega!" Nilitamani ardhi imeze mmoja wetu, na siyo mimi.

Daktari Anyieth akaeleza, kwa Kiarabu cha Juba, kisha kwa Kiingereza kwa ajili ya lile koti. Alisema ndani ya sindano kuna dawa mbili. Ya kwanza ni ganzi, inazima maumivu saa hiyo hiyo, lakini ni ya saa chache tu, ikiisha maumivu yatarudi, pengine kwa hasira zaidi. Ya pili ndiyo ya kutuliza neva, na hiyo ni mvivu, inaamka baada ya siku nyingi, na kwa wengine haiamki kabisa. Kwa hiyo msifurahi leo, alisema, wala msilie kesho. Mimi nilisikia. Lemi alikuwa mlangoni amempigia mtu simu, anamwambia saa ya ukombozi imefika.

Walinikalisha nimeinama juu ya mto. Kitu baridi shingoni, kichomo, kisha uzito, halafu, Olivia, nikuambie nini. Ulishawahi kuishi karibu na mashine ya kusaga, kisha siku moja umeme ukakatika? Ndivyo ilivyokuwa. Kimya. Nikaweka kiganja changu begani mwangu. Nikaliminya. Halikuwa langu, lilikuwa kama la mtu mwingine, na mkono ulikuwa mzito hata kikombe kilinishinda, lakini moto haukuwepo. Nililia mbele ya wote na sioni haya kukuambia.

Kumbe machozi yangu ndiyo yalikuwa ushahidi. Lemi alipiga picha akaituma kwenye kundi la ukoo. Tukiwa bado njiani ukoo ulikuwa umeshajua, na tulipofika nyumbani turubai lilikuwa linafungwa, viti vya plastiki vinashushwa, na Laku wangu, Laku kichwa cha ndoa yangu, amekwenda kutafuta mbuzi kwa amri ya mdogo wake. Nikawaambia, jamani, subirini, daktari kasema ni ganzi, itaisha. Lemi akanitazama kwa huruma. "Usizuie baraka kwa mdomo, mama. Ulimi una nguvu." Ulimi wake ndio wenye nguvu. Laiti angeufunga kamba ukavuta maji kisimani.

Nikawaacha wafunge turubai lao. Nilikuwa na raha, na mtu mwenye raha ni mpumbavu kidogo.

Watu wakaja. Hakuna mji unaosikia harufu ya mbuzi kama huu. Na kila aliyeingia, kwa kuwa nimepona, akanigonga begani. Mmoja baada ya mwingine, pa, pa, salaam takum, na mimi nimekaa kama malkia, sisikii kitu, natabasamu. Watu niliowakimbia mwaka mzima niliwarudishia salamu zao zote jioni ile. Kama ningekufa pale ningekufa nimesalimiwa vizuri.

Lemi akachukua kipaza sauti. Akatoa ushuhuda wa bega langu kana kwamba lilikuwa lake. Alisema alivyofunga, alivyokesha, alivyoonyeshwa daktari katika ndoto. Lemi! Aliyemtafuta mkubwa wa daktari huyo huyo pale kliniki! Wakati huo huo mimi naanza kusikia vidole vyangu vinarudi, kisha kiwiko, kisha kama chungu wanapanda. Nikajua. Nikamwangalia Laku nimpe ishara, yeye yuko na mfupa. Na hapo ndipo Yar, mke wa mchungaji, mama mwenye mikono ya kutwanga, akaruka kwa furaha ya ushuhuda, akasema haleluya, akanipiga begani kwa nguvu zote alizojaliwa.

Nilipiga kelele waliyoisikia mpaka barabarani. Nikainuka na meza, mchuzi ukamwagika juu ya lile koti la harusi. Hilo la mchuzi pekee ndilo jema la jioni ile.

Ungewaona, Olivia! Waliokuwa wameshika nyama hawakuiacha, ila waliacha kutafuna. Halafu hukumu zikaanza. Wa kwanza akasema nilikuwa na mashaka moyoni. Wa pili akasema daktari ni tapeli, ameweka maji. Wa tatu akasema kuna mtu wa ukoo asiyependa nipone, na kila mmoja akamwangalia mwenzake. Nikasema kwa sauti, "Ni ganzi imeisha! Alisema itaisha!" Hakuna aliyegeuka. Mgonjwa ndiye mtu wa mwisho kuulizwa habari za ugonjwa wake. Wakamaliza mbuzi kwa huzuni, lakini wakamaliza.

Asubuhi Lemi akaja na dawa ya aibu yake. Dawa yenyewe ni mtu mmoja anaitwa Lubega. Huyu nilimfahamu alipokuwa akiuza viatu vya mitumba, kisha alipokuwa akitengeneza redio, na sasa ana kipimo cha daktari shingoni na kimkoba cheusi. Hakunisalimia, alianza kufungua mkoba. Lemi akaeleza kwamba sindano ya yule msichana ilikuwa dhaifu, kwa hiyo tunaongeza yenye nguvu juu yake. Kama kuongeza chumvi.

Nikamwuliza Lubega hiyo dawa inaitwaje. "Mama, hii iko ya neva. Iko kali sana. Mimi nadunga wakubwa nayo." Unadunga wapi? Akaonyesha tako. Nikasema ugonjwa uko begani. Akacheka akamwangalia Lemi, wanaume kwa wanaume. "Damu itapeleka, mama. Damu inajua njia."

Olivia, daktari alikuwa amenikataza kabisa, mtu yeyote asinidunge kitu wala kunisugua mpaka nirudi kwake. Na unamkumbuka Ezbon, mtoto wa jirani yetu wa zamani, aliyedungwa tako vibaya kwa malaria tu, mguu ukafa mpaka leo anauburuta? Hiyo nayo ilikuwa sindano kali. Nikaona bega langu limeungua, na sasa wanakuja kunichukulia mguu, na bila mguu cherehani nitaiendesha kwa nini, kwa maombi?

Nikamgeukia Laku. Ndiye mume, wao walikuwa wanamngoja yeye. Alikuwa kwenye kile kiti chake, anaangalia kikombe. Nikamwambia, Laku, sema. Akasema, "Lemi ametoka mbali." Kutoka Kator! Kator mtu anatembea anakula karanga hazijaisha amefika! Ndivyo alivyosema mume wangu, Olivia, nikukumbushe tena kwa nini wakati ule uliponiambia ni mpole nilinyamaza.

Basi nikafanya mwenyewe. Nilikuwa nimeshika mkasi, ule mkubwa wa kukatia suti, kwa sababu kazi ilikuwa mezani. Sikumtishia mtu nao, ulikuwa tu mkononi. Nikasema, "Bwana Lubega, mimi ni fundi. Mteja akileta shati lililochanika kola, siendi kukata pindo la suruali yake nikamwambia uzi unajua njia. Funga mkoba wako. Na wewe Lemi, ukitaka sana sindano hii, matako yako yako hapo, yamekaa kwenye kiti changu."

Lubega aliangalia mkasi, akafunga mkoba. Lemi akaondoka akiwa amenuna, na kufika Kator kundi la ukoo likatangaziwa kwamba mke wa Laku amekataa tiba, anapenda maumivu. Anapenda maumivu! Tangu hapo hakuna wa ukoo anayekuja. Sijawahi kupumzika hivi tangu nilipoolewa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya, sitakudanganya. Moto ulirudi wote na nduguze. Nilikaa cherehanini nikiuma kitambaa, nikajisemea labda mimi ni wa wale ambao dawa ya pili haiamki kwao, kama alivyosema daktari. Usiku Laku alikuwa kwenye mkeka wake, ananiuliza gizani, "Unalala?" Namjibu ndiyo. Wote wawili waongo.

Kisha nikaanza kushangaa. Asubuhi moja nilipita chini ya feni, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba nimepita chini ya feni. Siku nyingine mteja alileta gauni, nikalitupia begani kama nilivyokuwa nikifanya zamani nikitafuta futi. Bega la kushoto! Nikasimama na futi mkononi nisijue la kufanya. Liliwasha, ndiyo, kama mtu aliyekaa juani, lakini halikuungua. Nilirudi kwa Daktari Anyieth. Hakushangilia, na nilimpenda kwa hilo. Alisema imeamka, inaweza kukaa miezi, inaweza kupungua, vidonge niendelee navyo, tukihitaji tutadunga tena. Hakuniahidi kitu kingine.

Jana nimevaa blauzi. Yenye mikono. Nilifunga mlango, nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo cha wateja mpaka chai ikapoa, kisha nikaivua nikafunga lawa yangu upande wa kulia kama kawaida, bega nje.

Hajui mtu. Laku hajui, kwa sababu akijua usiku, Lemi anajua alfajiri, na Lemi akijua kuna mbuzi anakufa. Atasema ni maombi yake. Atasema nimetubu. Atamwita Lubega aje apokee shukrani kwa sindano ambayo hakunidunga. Bega langu si ushuhuda wa mtu, Olivia. Nimeteseka nalo mwenyewe na nataka kulifurahia mwenyewe, kidogo kwanza, kama mtu anayekula embe jikoni watoto wakiwa shule.

Laku ndiye ninayemwonea imani, nikisema kweli. Mkeka ule ni mgumu. Lakini angesema neno moja tu asubuhi ile, angekuwa juu ya godoro leo. Acha akae mpaka Krismasi.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hii ndiyo sababu ya barua yote. Ukitua Juba utatoka pale wanapotokea wageni, na utatukuta tumejipanga, maana ukoo huu haukosi kumpokea mtu anayetoka nje. Lemi atakuwa mbele na koti lake, nasikia doa halikutoka. Atakukataza kwa mikono, atakuambia usinikaribie, mgonjwa haguswi. Mwache aseme. Weka mizigo chini. Nigonge begani kwa kiganja kama watu wa hapa, bega la kushoto, pa, kisha unikumbatie. Usiogope. Kaza, mdogo wangu, kaza mpaka uchoke, na usiniache haraka. Wao wote waone, na Laku aone, na asiwepo hata mmoja wa kuwaeleza.

Nisalimie sana Fulgensio na goti lake, Pearl na walimu wake, na majirani wote wa Kitale wanaonikumbuka. Mwambie mama yake Ezbon kwamba mwanawe namkumbuka katika sala. Mungu awe nawe angani na ardhini, akulinde safarini, na akufikishe kwangu ukiwa na mikono yako yote miwili, maana nitaihitaji.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye mabega mawili,

Victoria